Neno Ambalo Bakule Wangu Alikataa Kuliandika

Alhamisi, 12 Juni. Merigi.

Baridi. Ukungu ulikaa juu ya majani ya chai hadi karibu saa sita. Siuoni, lakini nywele za mikono zililowa nikichuma, na wachumaji wa shamba la jirani walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini kama watu walio matangani.

Asubuhi nilipokea ujumbe kwamba nimeitwa kwa mahojiano Jumanne. Ilipaswa kuwa siku ya furaha.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakijatulia.

Ni kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ya umma, sitaitaja hapa. Kazi hiyo naijua. Macho yalipoisha, miaka miwili baada ya kidato cha nne, nilifunzwa kupokea simu, nikaifanya katika hoteli moja ya Sotik hadi ilipofungwa. Tangazo lilisema watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Maombi ni kwenye tovuti pekee.

Simu yangu husoma kwa sauti kila ninachogusa. Kwenye tovuti ile ilisema "kitufe". Nikatelezesha kidole: "kitufe". Tena: "kitufe". Cha nini? Aliyeitengeneza hakuvipa majina. Mwishoni kuna picha ndogo ndogo, uchague zenye pikipiki ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu.

Sikuweza kuthibitisha.

Nilipiga namba yao. Mama aliyepokea hakuwa mkali. "Tafuta tu mtu mwenye macho akusaidie, baba. Ni kitu ya dakika mbili."

Mtu mwenye macho ni Wesley, bakule wangu, yaani tulitahiriwa pamoja na kukaa jandoni pamoja. Bakule ni zaidi ya ndugu. Humnyimi kitu, na humpeleki mbele ya watu kumshtaki. Kwenye kokwet, mkutano wetu wa kijiji, tukiambiwa tuinue mikono Wesley huinua wake na wangu kwa pamoja. Watu hucheka, nami hucheka. Basi nilimpa vyeti na kitambulisho, akaenda navyo kwenye duka lake la simu, akanijazia kila kitu.

Leo nilimpigia kumpa habari.

"Si nilikuambia!" akapiga kelele. "Mimi ndiyo karani wako, bakule. Hapo kuna mbuzi yangu."

Nikamwuliza aliandika nini pale wanapouliza ulemavu, maana mahojiano yana mtihani wa kompyuta, nami ninahitaji kompyuta inayoongea.

"Niliweka hakuna."

"Hakuna?"

"Sasa nikuandike vile? Wewe? Wangekutupa hata kabla ya kusoma jina. Na hiyo kitu siwezi andika juu yako, bakule. Vidole vilikataa."

Sikuweza kumkasirikia papo hapo. Tangu macho yangu yaishe, Wesley hajawahi kutamka neno kipofu nikiwepo. Ndivyo anavyonipenda. Lakini chini ya fomu kuna tamko kwamba yote yaliyojazwa ni ya kweli, na jina lililo chini ya tamko hilo ni langu.

Mchana nilitaka kuisoma sheria mwenyewe. Nakala niliyoipata ni kurasa zilizopigwa picha, na simu haisomi picha. Ikanyamaza. Sheria inanihusu mimi, na siwezi kuifikia! Mke wangu, Mama Chebet, alifuta unga mikononi akanisomea. Ibara ya hamsini na nne ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali na kupata habari, kwa kiasi kinachofaa. Na sheria ya watu wenye ulemavu inazitaka ofisi zitoe habari na huduma kwa njia ambayo na sisi tunaweza kuitumia. Tovuti ni moja ya njia hizo.

"Kumbe si kuombwa wanaombwa," Mama Chebet alisema. "Ni lazima. Na wewe Baba Chebet ulikuwa unawaambia asante kwa simu."

Ni kweli, nilimwambia yule mama asante.

Nilikuwa nikidhani sheria za namna hii ni za kutupunguzia usumbufu tu. Leo naziona vingine. Vitufe vile vingekuwa na majina, ningejaza mwenyewe, na pale kwenye ulemavu ningeandika kipofu bila kumwuliza mtu yeyote kama ninaruhusiwa kuwa hivyo.

Sasa nikinyamaza, Jumanne nitaketi mbele ya kompyuta bubu. Nikisema, wanaweza kunifuta kwa kudanganya. Nikitaja aliyejaza, nimemshtaki bakule.

Mama Chebet anasema niilaumu tovuti, basi. Tovuti ina makosa, hilo nitalisema hata mbele ya jaji. Ila si tovuti iliyoandika hakuna.

Jioni hii nimewaandikia watu wa ofisi ile barua pepe. Nimesema mimi ni kipofu. Kwamba tovuti yao haikuniachia njia ya kuijaza, na sheria hairuhusu hivyo. Kwamba nilijaziwa na mtu ninayemwamini, na jibu la ulemavu si langu. Nimeomba tovuti irekebishwe, si kwa ajili yangu peke yangu. Nimeomba kompyuta inayosoma siku ya Jumanne. Jina la Wesley sikuliweka.

Nimetuma. Huenda kazi imekwenda na barua hiyo.

Wakinipigia, watauliza ni nani aliyenijazia. Kwa hiyo asubuhi, kabla Wesley hajafungua duka, nitatembea hadi kwake. Nina mambo mawili ya kumwambia. La kwanza ni asante, na amelistahili. La pili ni lile neno alilokataa kuliandika, na hilo nitalianzaje?