Shairi Nililomficha Mwalimu Tomasi

Jumatano, mwezi wa saba. Baridi ya leo ni ile ya kupasua midomo. Upepo umevuma tangu alfajiri, na bati la jiko la shule limepigapiga asubuhi nzima. Nimerudi nyumbani saa nane, mikono inanuka maharage. Deo, mwanangu mdogo, amelala. Sesilia yuko mlangoni anachambua ulezi, yaani anaumwaga kuliko anavyouchambua. Nimemwacha. Nimechoka, na nina jambo.

Mwalimu Tomasi amefariki.

Mkuu wa shule aliniita ofisini, nikadhani nimeunguza uji tena. Kumbe ni barua kutoka India, ya mke wa Mwalimu, imeandikwa kwa Kiingereza. Mkuu akawa ananisomea kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Aliniita mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nafua na kupika nyumbani kwa Mwalimu, miaka ile alipokuwa anafundisha hesabu hapa.

Sikulia pale. Nililia njiani.

Mji huu wa Sumbawanga haukumwelewa haraka yule mtu. Mhindi anayetembea kwa miguu, hana duka, na Jumapili anapiga magoti kanisani kuliko sisi! Akina mama walikuwa wanamsimamisha barabarani: "Mwalimu, sukari imefika?" Naye anajibu, "Mama, hata mimi niko kwenye foleni, nyuma yako." Wakisema anaongea Kihindi, anasema hapana, ni Kimalayalam. Alichoka kusema, kama mimi ninavyochoka kila nikienda Mbeya wakanidhania Mnyakyusa.

Kule kwao alikuwa mshairi wa watoto. Nilikuja kujua baadaye. Aliacha mke na wavulana wawili wadogo, na kwa kuwa hakuweza kuwasimulia hadithi kabla ya kulala, alikuwa anawaandikia mashairi na kuyatuma kwa posta mara moja kwa mwaka. Mama yao anawasomea. Jioni alikuwa anazunguka uani, vidole vinapiga paja, midomo inacheza. Majirani wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Sesi, huyo bwana anamwita nani?" Nami najibu, "Anahesabu silabi." Hawakuniamini hata kidogo.

Hadithi alikuwa anasimulia Jumamosi barazani, mchana kweupe, watoto wakipukuchua mahindi yangu. Mama mkwe wangu alichukia. Kwake hadithi za mchana ni uvivu, au balaa. Mwalimu akamwambia, "Shikamoo mama. Hizi hadithi zangu zimetoka mbali, kwao sasa hivi ni jioni." Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini kusikiliza.

Sasa niseme la karatasi.

Karatasi zilikuwa shida. Mwalimu alikuwa anaandika mashairi yake nyuma ya mitihani ya zamani. Mitihani mingine isiyo na kazi alinipa mimi, iko kwenye kikapu, naifungia karanga ninazouza. Ijumaa moja yeye alikuwa kitandani na homa, kikapu kitupu. Nikaona rundo juu ya kiti. Upande wa juu ni hesabu za wanafunzi na kalamu nyekundu. Sikugeuza. Nilichukua lote.

Mpaka jioni nilikuwa nimeuza karanga mtaa wa Mazwi mzima.

Aliyenishtua ni Mzee Salumu mwenye duka. Alikuja na karatasi yake, ameikunjua vizuri, ameishika kwa mikono miwili. "Mama Sesi, hii siyo Kiarabu. Kiarabu nakijua. Lakini maandishi nisiyoyajua siwezi kuyatupa, huenda yana jina la Mungu." Nikaigeuza. Herufi za duara duara, kama mbegu zilizopangwa.

Mwaka mzima wa mtu, nimeufungia karanga.

Nilikwenda kumwambia, Sesilia mgongoni. Akasema, "Kwetu sijawahi kusomwa na watu wengi hivi kwa siku moja." Akacheka. Lakini nilipotoka na ndoo nilimwona dirishani, ameweka ile karatasi moja ya Mzee Salumu juu ya goti, anainyoosha kwa kiganja, anainyoosha, na mafuta hayatoki.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku nne. Na ajabu, watu wengi hawakutupa. Wengine kwa heshima, kama Mzee Salumu. Wengine kwa woga. Bibi mmoja aliichomeka yake kwenye paa la banda la kuku, akakataa kuitoa: "Tangu iingie humu kuku wanataga. Mwambie mwalimu wako aandike nyingine." Ilibidi nimpe kibaba cha ulezi. Mwalimu aliposikia hilo alisema sasa ndiyo amepata sifa ya ushairi.

Zilirudi karibu zote. Zilizopotea aliwasimulia watoto Jumamosi kwa Kiswahili, na akisimulia maneno ya kwao yanamrudia, anaandika haraka kwenye goti.

Moja tu haikurudi, kwa karatasi wala kwa kumbukumbu. Hiyo ninayo mimi.

Sasa nimeiandika siri hiyo. Kabla ya leo sijawahi kuiandika wala kuitamka.

Niliipata siku ya tatu, kwa fundi baiskeli. Niliijua kwa sababu pembeni Mwalimu alikuwa amechora kichwa kidogo cha mtoto kikichungulia begani kwa mama. Shairi hilo alilitunga nikiwa nafagia sebule yake, Sesilia mgongoni. Alinieleza maana: mama anaona njia inakoelekea, mtoto wa mgongoni anaona inakotoka, kwa hiyo wao wawili ndio wanaoiona njia yote. Hakuna mtu aliyewahi kuandika lolote juu yangu, isipokuwa karani wa kliniki. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya kadi ya kliniki ya Sesilia. Nikasema haikuonekana.

Mwalimu alijaribu kulirudisha Jumamosi tatu. Halikuja. Akaniuliza, "Mama Sesi, nilikuambia linasemaje?" Nikamtazama machoni nikasema, "Sikumbuki, Mwalimu."

Nilikuwa nalikumbuka lote.

Mkataba wake ulipoisha nilimfungia karanga za safari, naye akambeba Sesilia mpaka kwenye basi. Nikanyamaza hata siku ile.

Barua ya leo inasema watoto wake, ambao sasa ni vijana, wanataka kuchapa kitabu. Mwalimu alinakili mashairi yake yote kwenye daftari kwa mpangilio. Katikati aliandika jina, "Mtoto wa Mgongoni", chini yake akaacha ukurasa mweupe. Mke wake anauliza kama Sumbawanga kuna mtu anayo hata karatasi moja. Mkuu alinitazama. Nikasema nitaulizia.

Nitaulizia! Kwa nani?

Njiani nilishatunga uongo: nitasema nimeikuta kwa yule bibi wa kuku, maana amekwisha kufa na hawezi kubisha. Nilipofika nyumbani nikaona haya. Mtu aliyenisamehe mwaka mzima wa kazi yake, nimalizane naye kwa kumsingizia maiti.

Kwa hiyo nimeitoa. Nimechukua penseli ya Sesilia na karatasi ya daftari la kisomo, nanakili herufi moja moja kama mtu anayechora. Nimefika mstari wa tano na jasho linanitoka na baridi hii. Kona moja ndogo nikiikosea huenda nimebadilisha neno, na sitajua. Nilifikiri nipeleke hiyo niliyonakili, nibaki na ya mkono wake. Nimefikiri hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Hapana. Yenye mafuta ya karanga ndiyo itakayokwenda, na maneno yangu nyuma ya barua ya majibu ya Mkuu: niliificha, nilidanganya, naomba radhi. Yenye makosa ibaki kwetu.

Sesilia amekuja kuegemea bega langu. "Mama, unachora nini?"

"Wewe."

"Mbona sina miguu?"

"Nimekubeba."

Ameridhika, amerudi kumwaga ulezi. Kesho, kabla sijawasha moto wa uji wa wanafunzi, nitagonga mlango wa Mkuu. Huenda nikaitwa mwizi, huenda kazi ikaisha. Naogopa kweli.

Nitagonga.