Milango Niliyochomelea Mtaani Kwetu

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, ingawa umesema hutaki tena kuzisikia. Hujambo? Mama hajambo? Kifua chake kinaendeleaje na hiyo baridi ya mahema? Mwanao bado ananyonya kidole, au kambi imeshamkomaza? Mimi mzima, nakula, nalala karakana. Vumilia mwandiko, unajua mkono wangu umezoea chuma kuliko kalamu.

Dereva wa lori la maji alinifikishia maneno yako. Alisema ulisimama kwenye foleni mbele za watu ukasema huna ndugu, kwamba mdogo wako anachomelea milango ya majirani ili wasirudi. Wamama wa mtaa wetu wakakupigia makofi. Dada, yalinikata maini. Siyo kwamba ni uongo. Ni kweli nachomelea.

Siku ile mlipopakiwa kwenye malori, mimi na fundi wangu, yule mnayemwita Kobe, tulishushwa. Sajini alisema mafundi wa kuchomelea wabaki. Nikadhani magari ya jeshi yameharibika. Kumbe ni kupita nyumba hadi nyumba, tunaziba mlango kwa moto, halafu wao wanapaka alama kwamba nyumba haina mwenyewe. Haina mwenyewe, na nguo bado ziko kwenye kamba! Mzee wa duka la baiskeli alirudi kuchukua dawa zake. Walimpiga mbele yetu mpaka akaacha kulia. Kobe aliniambia nisitazame. Nilitazama.

Sasa nisikilize vizuri. Unakumbuka nilivyoanza kujifunza kazi, nikarudi nyumbani shavu limevimba, nikakwambia nimejigonga kwenye ngazi? Alikuwa Kobe. Alinizaba kibao kwa sababu nilichomelea geti juu ya rangi bila kuikwangua. Juu ya rangi moto haushiki, dada. Kwa nje unaona mshono umenona, ukiweka bega unaachia. Kila anayeanza kazi hii hukosea hivyo, halafu kibao kinamfundisha.

Basi mlango wa kwanza kabisa nilishika brashi ya waya nikwangue. Kobe akaninyang'anya, akaitupa mtaroni, akanifokea kila mtu asikie kwamba niache kusugua-sugua kama nafua shuka, wakubwa wana haraka. Nikamtazama. Yeye hakunitazama. Mtu aliyenizaba kwa ajili ya rangi! Hapo nikaelewa, nikachomelea juu ya rangi, sajini amenisimamia kisogoni. Tangu hapo tunaenda hivyo, mlango kwa mlango.

Juzi tukafika kwako. Nilikuwa nimefika nusu ya mshono, moshi wa rangi unaingia ndani kwa upenyo wa chini, nikasikia mtu anakohoa humo. Ni kile kikohozi, dada, kile anachokohoa kabla hajamkaripia mtoto. Mumeo. Wewe umeshamlilia, na mimi nilishamlilia, maana wanaume waliotolewa kwenye mstari siku ile ya malori hakuna aliyerudi. Kumbe aliwatoroka, akaja kujificha kwake mwenyewe.

Nikaanza kukohoa mimi. Kobe naye akadakia, akakohoa mpaka akainama, akatukana moshi, akatukana rangi na aliyeiuza. Sajini akacheka, akasema hajawahi kuona mafundi wanaoshindwa na moshi wao wenyewe. Halafu akainua buti aupime mlango kwa teke. Kobe, huku anajifuta machozi, akamwambia apige tu, ila chuma bado kimoto, soli ikiyeyuka asije akamdai buti mpya. Sajini akaiangalia buti yake, akaishusha. Tukahamia nyumba ya pili.

Kwa hiyo ni mimi niliyemfungia mumeo ndani kwa mkono wangu, nikaondoka bila kugeuka.

Jana tukapitishwa tena hapo. Mlango umefungwa vilevile, ila mshono una ufa mwembamba juu mpaka chini. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaupaka ufa grisi na masizi usionekane. Ametoka. Kama hajafika, anakuja huko. Akitokea usipige kelele, usimwite jina.

Na barua hii ichome. Usinitetee, dada, hata kwa mama. Huko kambini wapo wanaopeleka maneno. Mkiacha kunitukana, sajini atataka kujua kwa nini, na safari hii hataihurumia buti. Kwa hiyo nitukane. Kwenye foleni ya maji nitukane wewe wa kwanza, kwa sauti.

Siku mkirudi ndiyo useme. Waambie wamama wasihangaike kutafuta wa kukata chuma. Kila mmoja aende mlangoni kwake, aweke bega.

Mbusu mtoto. Mama mfunike vizuri.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemkana. Endelea kumkana.