Maganda ya Korosho Kinuni

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mchicha umeota kwenye makasha yote isipokuwa moja. Nimeumwagilia kabla ya kwenda shule kufundisha. Uani kwetu hapa Magomeni, huku kusini kwenye korosho, hakuna udongo wa maana, ni jiwe la matumbawe na mchanga wa chumvi. Tunaotesha kwenye makumbi ya nazi. Unayaloweka, unamwaga maji mekundu, unaloweka tena mpaka maji yatoke safi, kisha unayaponda na kujaza kasha. Chakula chake ni maji ya pipa lenye gunia la mavi ya mbuzi. Deo mume wangu anayaita chai. Akirudi kutoka bandarini huuliza kama nimewapa watoto chai. Watoto wenyewe ni mchicha. Majirani wakimsikia watasema tumechanganyikiwa.

Jumatano, 5 Machi

Balozi wa nyumba kumi amepita kukagua. Kilimo cha kufa na kupona, kila mfanyakazi awe na shamba. Amezunguka ua wote. "Shamba liko wapi?" Nikamwonyesha makasha. Akachovya kidole kwenye makumbi, akakinusa. "Mwalimu, udongo uko wapi?" Deo akamjibu kwamba mchicha wenyewe haujaulizia. Balozi hakucheka. Anataka makasha mengine matatu kabla ya kurudi, la sivyo kila Jumamosi tutakwenda kulima shamba la pamoja la Mtawanya na wenzetu. Nimechukia. Deo amefurahi kama aliyepewa zawadi.

Ijumaa, 7 Machi

Makumbi hakuna. Wasokota kamba wameyazoa yote. Deo amerudi na magunia mawili ya maganda ya korosho, ameyaokota jalalani, yalikuwa yametupwa. Mepesi, bure, hakuna anayeyagombea. Kwetu Bukoba maganda ya kahawa humwagwa migombani na migomba inanenepa. Ganda ni ganda, anasema. Kesho atayatwanga yawe madogo ili yashike maji. Ningemuuliza Mama Hamisi wa nyumba ya pili, lakini yuko shambani kwake anapalilia, harudi mpaka kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike tu.

Deo alikuwa anatwanga kwenye kinu changu, ameinama, anaimba. Mimi nafua. Wimbo ukakatika. Nilidhani amechoka. Kisha akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume mzima. Ameshika uso. Mafuta meusi yamemrukia mikononi, shingoni, kwenye kope. Kila akijifuta anajipaka zaidi. Nikammwagia maji yaliyokuwa karibu, maji ya kufulia, yenye sabuni. Akazidi kupiga kelele.

Mama Hamisi ndiyo kwanza alikuwa anaingia, jembe begani. Akalitupa. "Kolosho! Mwalimu, mnatwanga maganda ya kolosho? Inababua hiyo! Inachuna ngozi!" Akamlaza Deo chali, tukammiminia maji safi, debe kwa debe, Mama Hamisi analia kuliko mimi. "Nani kawaambia mtwange? Nani kawaambia?"

Hakuna aliyetuambia. Na hakuna aliyetukataza. Tumekaa hapa tangu mwaka juzi, tunatafuna korosho zilizokwisha kukaangwa, hatujawahi kujiuliza zimevuliwaje ganda.

Hospitali wamemlaza. Wamemfunga macho yote mawili.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mikono ya Deo imejaa malengelenge, shingo imekuwa nyeusi. Uso umevimba mpaka siutambui. Mume wangu, na siutambui uso wake.

Daktari anasema tusubiri. Hasemi tunasubiri nini. Kazi ya Deo ni macho. Anasoma alama za magunia yanapopakiwa melini. Karani asiyeona ni karani wa nini?

Jumatatu, 10 Machi

Nimefundisha. Sijui nimefundisha nini.

Vidole vyangu vinawaka, nilishika shati lake. Vimetoka malengelenge madogo kwenye ncha. Moto wote huu kwenye kidole tu. Yeye unamwakia jichoni.

Nina hasira naye. Ganda ni ganda! Nina hasira na kuimba kwake. Mchicha sijaumwagilia na sitaki kuuona.

Alhamisi, 13 Machi

Balozi amekuja. Nilijiandaa kumfukuza. Kumbe amekuja na wanaume wawili kuchukua yale magunia wakayafukie mbali na watu. Wamechukua na kinu, Mama Hamisi amesema hakifai tena kwa chakula. Makasha hakuyataja. Akasimama mbele yangu akavua kofia. "Pole sana, Mwalimu." Kofia ile sijawahi kuiona nje ya kichwa chake, hata bendera ikipandishwa. Nikaelewa mtaa mzima umeshaamua kwamba Deo ni kipofu. Nilikaa chini palepale juu ya jiwe.

Jumanne, 18 Machi

Wamefungua. Anaona! Daktari alimwonyesha vidole, akavitaja vyote bila kukosea. Kisha akageuka kwangu. "Umekonda." Nimelia mbele ya wauguzi bila haya.

Daktari alitaka kulipima jicho la kushoto peke yake. Deo akamkatiza, yote yanaona, amechoka kulala kitandani, anataka kwenda kwake. Akavaa shati mwenyewe. Nimemshukuru Mungu njia nzima.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi tulivu. Mvua imepumzika. Mchicha ulionusurika ni wa makasha manne, Mama Hamisi ndiye aliyekuwa akiumwagilia bila kuniambia.

Deo amechukua kopo, akateka maji ya mbolea mwenyewe. Ngozi ya shingo inabanduka, ya chini yake ni laini kama ya mtoto. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mchele. Kesho anaripoti kazini, alikuwa ananisimulia meli inayotarajiwa. Akamimina. Maji yakaangukia kwenye jiwe, kando ya kasha. Akateka tena, akamimina palepale, taratibu, kwa uangalifu.

Niliweka ungo chini. Nikaenda nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa. Nikainua mkono mbele ya shavu lake. Hakugeuka.

Jicho la kushoto halioni. Anajua, na hataki nijue.

Nikainama nikasukuma kasha mpaka maji yakaingia ndani. Yeye akaendelea kusimulia habari za meli. Nikasukuma na la pili.