Kabila la Buibui

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu karudi na buibui. Si hawa wa darini — tarantula! Ana manyoya, anajaa kiganja, yumo ndani ya boksi la plastiki. Muuzaji kasema ni wa aina ya shimoni, mpole, hata mtoto anamshika. Na bwana kaamini. Mtu ambaye hata maziwa niliyochemsha mimi huyanusa kwanza!

Jumanne, 4 Machi
Bwana, daktari wa meno mzima, jioni yote anachungulia miguu ya buibui kwa kioo cha kuangalizia magego. Picha kazituma kwenye kundi la wafugaji mtandaoni. Mmoja kajibu: wa shimoni. Mwingine kasema ni wa mitini, ana mbio, anauma vibaya. Akaongeza: rangi hudanganya, tazama anakolala. Basi kwa bwana wa kwanza kawa mtaalamu, wa pili hana shule.
Mama mkwe kasikia tuna mgeni, kapiga simu, anauliza ni kabila gani. Hilo ndilo swali, mama!

Alhamisi, 6 Machi
Udongo aliowekewa hajaugusa. Kapanda juu, kasuka nyumba chini ya mfuniko. Nikauliza, wa shimoni mbona kahamia ghorofani? Eti anabarizi. Anabarizi!
Kisha akatangaza: Jumapili ndugu zake wakija, binti yetu atamshika buibui mbele yao, waache kumwita yeye, baba mtu, mwoga. Yaani heshima yake ainunue kwa mkono wa mwanangu! Nimekataa. Kanuna. Naogopa, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwonyesha tena ule utando. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili, 9 Machi
Naandikia chumbani. Mtoto yuko kitandani, mlango nimeutia ufunguo, chini nimeziba kwa taulo.
Mashemeji walikaa, soda mkononi. Bwana akamwita binti. Nikamwahi, nikamleta huku. Nikaambiwa nawaaibisha wanaume. Basi akafungua boksi mwenyewe — akainua mfuniko, akainua na mwenye nyumba! Kelele. Viti vikaanguka. Mashemeji nawaona dirishani, wako barabarani, yule mkubwa ana kiatu kimoja.
Sasa bwana anabisha, kwa kidole, taratibu. Namuuliza buibui yuko wapi. Halafu ananong'ona kwamba kuna kitu kinamtembea ndani ya kola. Hataki nifungue. Anaomba tu nimwambie ni wa shimoni.