Spana Niliyoipindia Teksi ya Baba

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Bibi, mchumba wangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na lile jino moja, bado linakutosha kunicheka? Sisi huku wazima. Mama ana kikohozi kidogo, kinapungua. Mimi nazidi kupendeza mpaka majirani wanalalamika.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Teksi ya mwanao ilikufa stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini. Ikawa haiwaki mpaka isukumwe, na abiria gani asukume teksi halafu alipe nauli? Fundi wa karakana akainama, akaguna, akasema boliti moja ya stata imejificha nyuma ya injini, hakuna spana inayoifikia. Lazima injini nzima ishushwe. Baba akakata tamaa. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi kulichukua gari. Bibi, tangu hapo alikuwa anakula huku anatazama ukuta.

Nikamwambia, "Baba, niachie mimi."

Akanijibu, "Wewe? Hata kitasa cha choo kilikushinda!"

Mwanao ana mdomo huyo. Sijui karithi kwa nani.

Nikaingia chini ya gari, nikaipapasa njia ya kwenda kwenye boliti mpaka nikaikariri. Kupinda waya kwanza kuwa kipimo kwa nini, na kichwa ninacho? Nikaenda kwa jirani mchomelea vyuma na spana kuukuu, tukaipasha moto ikawa nyekundu, nikaipinda mwenyewe. Safi! Kurudi chini ya gari, inaelekea upande mwingine kabisa. Njia niliikariri nikiwa chali, spana nikaipinda nikiwa nimesimama: kulia kumekuwa kushoto.

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. "Hii kafungulie gari la kwenye kioo!"

Mara ya pili nikalala chali sakafuni kwake, mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa, namwelekeza: "Pinda huku... ongeza... hapo hapo!" Wateja wake walidhani nimerukwa na akili. Ikatoka spana mbaya kama mguu wa panzi, lakini ikaingia, ikaing'ata boliti, boliti ikalegea. Nilishangilia mpaka nikagonga kichwa. Fundi akaitengeneza stata, tukairudisha.

Jumamosi mnunuzi kaja na kamba. Baba akaingia garini, akageuza ufunguo. Likawaka papo hapo! Mnunuzi akakunja kamba yake. Baba akafuta kioo kwa mkono wa shati, halafu akaniambia, "Fundi, nifungulie geti."

Mimi, Bibi! Nikajifanya sijasikia, ili arudie. Akarudia, kwa ukali kidogo. Tamu vilevile.

Msalimie shangazi na mapacha wake. Babu mwambie apunguze wivu. Mungu akupe usingizi mwororo na asubuhi zisizo na maumivu.

Wako akupendaye kuliko huyo babu,
Mjukuu wako asiye na mpinzani.