Upinde Wako Umeshinda, Wifi

Wifi yangu Mueni,

Umeshinda! Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uulize, "Haya, ilikuwaje?"

Unakumbuka Mutua alivyoucheka upinde wako? Mume wangu huyo, kaka yako, alichonga wake wa mti mtupu, umenyooka, kama baba yenu alivyomfundisha. Wewe ukaja na wa mwanzi, faibaglasi nyembamba mbele na nyuma, ncha zimepinda kidogo. "Hicho si upinde, ni kitanda cha kukunja," alikwambia pale karakana yenu ya Mbotela. Ukacheka tu, ukaendelea kupiga msasa. Kisha ukaugua. Ukatuacha kabla hujaupigia hata mshale mmoja.

Hakuna aliyeugusa. Mutua alikuwa akipiga randa ameupa mgongo. Mimi nikachoka. Nikauteremsha ukutani, nikafunga ugwe, nikamwambia twende uwanjani Jericho tuzijaribu pinde zote mbili. Alikataa. Halafu akabeba wake akanifuata.

Siudharau ule wake, mshiko wake unaujaza mkono vizuri. Lakini ugwe ukikaribia shavu unakuwa mzito, na ukiachia, kishindo kinapanda hadi kiwiko. Wako, wifi... wako ulivutika laini mpaka mwisho. Ukaachia, basi, umeachia. Nilidhani mshale umepotea, kumbe uko katikati ya shabaha. Nilikaa nyasini nikalia. Mutua alikwenda kuung'oa, akakawia huko, hageuki.

Jumamosi tukaenda Buruburu kwenye mashindano ya mitaa. Jamaa niliyebaki naye mwishoni, bonge la mwanamume, aliutazama upinde wako akaniambia, "Mathe, hiyo kitu itakupasukia usoni." Upepo ulikuwa unasukuma vumbi. Mshale wake wa mwisho ukagusa ukingo wa duara la katikati. Nami nilibakiwa na mmoja. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinisukuma bega: "Shusha hili, pumua." Nikalishusha. Nikapumua.

Katikati, Mueni! Katikati kabisa!

Kabla sijageuka nilimsikia Mutua, mtu asiyepaza sauti hata kanisani, akipiga kelele: "Dada yangu ndiye aliyeutengeneza! Dada yangu!" Alikuwa akimwambia kila mtu, hata muuza mahindi, machozi yanamtiririka. Yule jamaa akaomba aushike. Akauvuta taratibu, akatikisa kichwa. "Huyo dada yako yuko wapi? Nataka anitengenezee." Nikajibu mimi.

Leo asubuhi nimemkuta kaka yako karakana, anapasua mwanzi kwa kipimo chako.

Lala salama, wifi. Binti yako Ndinda anakua, mabega yake ni yako. Nakuahidi, siku atakayokuwa na nguvu za kuvuta, mimi mwenyewe nitasimama nyuma yake, na upinde atakaoushika utakuwa wa mama yake.

Wifi yako anayekupenda,
Kanini