Meja Alikuja Kuomba Picha

Mwingi,
14 Machi 1988

Ndugu yangu Kiilu,

Natumai gereji yako huko mjini Salama inaendelea vizuri. Sisi tu wazima. Mvua bado, lakini mbuzi wawili wamezaa.

Jumanne Meja Kithome alikuja hapa. Ndiyo, yule meneja wa timu ya jeshi, aliyesema kaka yetu Muli aliuza fainali ya 1974, akamfukuzisha kambini. Sasa amestaafu na anaandika historia ya klabu. Alitaka picha ya timu ya mwaka ule, kwa sababu imebaki hii yetu tu.

Nikamwambia, "Andika ukweli kwanza, utie sahihi. Picha baadaye."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Muli alikufa watu wakimwita msaliti. Kwangu ni ya leo."

Akachukua karatasi, akaandika na kutia sahihi: "Muli alivunjika kidole mazoezini, nami nikamlazimisha kudaka. Tulipofungwa nikamsingizia, ili nisiulizwe mimi."

Niliisoma mara mbili. Aliponyoosha mkono achukue picha, nikaifungia kabatini.

"Lakini uliniahidi!"

"Nilisema baadaye. Sikusema lini."

Akaondoka bila kuaga.

Karatasi iko kwa pasta. Ataisoma Jumapili mbele ya wale wote waliokataa kuja kumzika Muli. Njoo tukae kiti cha mbele, tuwageukie, tuwaangalie usoni mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako,
Ndila